Wakati wa kuzima kizuia utelezi, na wakati wa kukiwasha

MVUA katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, zikipumzika kidogo mwanzoni mwa mwaka. Katika miezi hiyo barabara za udongo mwekundu zinazoingia vijijini katika wilaya za Kasulu na Kibondo huwa na utelezi mkali, hasa kwenye vilima, na nchi ya Waha ni nchi ya vilima. Desemba, wenyeji wanaoishi Dar es Salaam, Mwanza na Arusha wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, ndipo tope linapokuwa limekolea.

Hapo tukio moja hujirudia. Gari dogo lililoagizwa Japani likiwa limekwishatumika, ambalo mjini halijawahi kumsumbua mwenyewe, linaanza kupanda kilima chenye tope. Katikati ya mwinuko injini inaishiwa nguvu ingawa dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho. Taa ya njano yenye picha ya gari linaloserereka inawaka na kuzima kwenye dashibodi. Gari linasimama, kisha linaanza kurudi nyuma taratibu.

Wengi hudhani pampu ya mafuta imekufa. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kompyuta ya gari imepunguza nguvu ya injini kwa makusudi kwa sababu imeona magurudumu yanateleza. Kuna swichi ndogo inayoweza kuizuia isifanye hivyo kwa muda, na swichi hiyo ikitumiwa vizuri gari hupanda. Lakini swichi hiyohiyo ikisahauliwa inaweza kulitia gari mtaroni kilomita chache mbele, kwenye lami.

Mfumo wenyewe

Kizuia utelezi ni mdogo wa breki zisizofunga magurudumu, yaani ABS. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza ABS mwaka 1978 kwa ajili ya magari ya Mercedes-Benz. Katikati ya miaka ya 1980 wahandisi walitumia vihisio vilevile vya magurudumu kwa kazi ya pili: kuzuia gurudumu lisizunguke bure wakati gari linapoondoka au kuongeza mwendo. Mwaka 1995 ikaongezwa kazi ya tatu, ya kulisaidia gari lisipoteze mwelekeo kwenye kona. Marekani iliufanya mfumo huo wa tatu kuwa wa lazima kwa magari madogo yote mapya kuanzia toleo la mwaka 2012.

Kila gurudumu lina kihisio kinachopima kasi yake. Kompyuta ikiona gurudumu linalosukumwa na injini linazunguka kwa kasi kuliko mengine, huchukua hatua mbili. Kwanza hupunguza nguvu ya injini. Pili, katika magari mengi, hulishika kwa breki gurudumu lile peke yake.

Kwenye lami iliyolowa hatua hizo ni msaada mkubwa. Kwenye tope zito mambo hubadilika. Tairi husonga mbele katika tope kwa kuzunguka na kulitupa nje lile lililojaa kwenye kashata zake, ili kashata ziushike udongo ulio chini. Kompyuta haijui hivyo. Inachoona ni gurudumu linaloteleza, basi inakata nguvu, na gari linapoteza mwendo pale pale lilipouhitaji.

Magari mengi mapya yanayotengenezwa kwa safari za porini yana uchaguzi maalumu wa tope au mchanga, unaoifundisha kompyuta kuvumilia mzunguko wa magurudumu. Magari ya zamani kwa kawaida hayana uchaguzi huo. Dereva wake ana mambo mawili tu: kuwasha au kuzima.

Kwanza kujua kama upo

Si kila gari la zamani lina mfumo huu. Magari mengi madogo ya miaka ya 1990, na Land Cruiser nyingi za zamani ambazo zimefanya kazi kwa miaka mingi katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, hayana kabisa. Njia rahisi ya kujua ni kugeuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa yenye picha ya gari linaloserereka ikiwaka kwa sekunde chache na kuzimika, mfumo upo.

Herufi kwenye swichi hutofautiana. Toyota hutumia TRC au VSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, Mitsubishi ASC, Mazda na Land Rover DSC, Mercedes-Benz na Volkswagen ESP. Kwa kawaida herufi hizo hufuatiwa na neno OFF. Swichi nyingine huwa na picha ya gari peke yake. Hupatikana karibu na usukani, chini ya redio au pembeni mwa gia.

Tatizo la wenye magari yaliyoagizwa Japani ni kwamba kitabu cha maelezo huja kwa Kijapani, au hakiji kabisa. Inafaa kukitafuta cha Kiingereza cha gari la aina na mwaka uleule kabla ya safari, kwa sababu utaratibu wa kuzima haufanani.

Namna ya kuzima

Dereva anatakiwa kusimamisha gari kabla ya kuingia kwenye tope, mahali pagumu na pa tambarare, injini ikiwa inawaka. Hapo abonyeze swichi na kuangalia dashibodi. Taa ya OFF ikiwaka bila kupepesa, mfumo umezimwa.

Katika magari mengi ya Toyota kuna ngazi mbili. Kubonyeza mara moja na kuachia huzima kizuia utelezi tu. Kushikilia swichi kwa zaidi ya sekunde tatu gari likiwa limesimama huzima pia msaada wa kwenye kona. Kwa tope, ngazi ya kwanza kwa kawaida inatosha. Ngazi hiyo ina faida nyingine: katika magari mengi ya kampuni hiyo mfumo hujirudisha wenyewe mwendo unapoongezeka. Aliyezima vyote viwili hana kinga hiyo. Ni lazima akumbuke mwenyewe.

Ni muhimu pia kutofautisha taa. Inayopepesa inasema mfumo uko kazini. Inayowaka mfululizo pamoja na neno OFF inasema mfumo umezimwa. Inayowaka mfululizo pamoja na taa ya ABS au ya injini, bila swichi kuguswa, inasema kuna hitilafu, na gari liende kwa fundi. Katika magari yaliyozeeka, hitilafu hiyo mara nyingi huanzia kwenye kihisio kilichojaa uchafu, waya uliokatika au tairi zisizolingana ukubwa.

Kuzima swichi hii hakuondoi ABS. Breki hubaki na kinga yake. Kinyume chake ni ujanja wa kuchomoa fyuzi au kihisio cha gurudumu, ambao hutumiwa na baadhi ya madereva ambao magari yao hayana swichi. Kufanya hivyo kwa kawaida huondoa ABS pia, pamoja na mgawanyo wa nguvu za breki kati ya mbele na nyuma. Gari linaloshuka kilima chenye tope likiwa katika hali hiyo ni hatari kuliko lililokwama.

Si kila mkwamo unadai kuzima

Zipo nafasi ambazo mfumo unastahili kuachwa ufanye kazi. Mfano ni gari lililopita kwenye korongo la maji ya mvua, gurudumu moja likaning'inia au kuwa kwenye tope, na mwenzake likawa kwenye udongo mgumu. Difu ya kawaida haiwezi kulipa gurudumu lililo pagumu nguvu kubwa kuliko ile inayostahimiliwa na lile linaloteleza. Katika magari yenye uwezo huo, mfumo hulishika kwa breki linaloteleza, na nguvu huhamia upande wa pili. Akizima hapo, dereva hujinyima msaada.

Kanuni fupi ni hii: gurudumu moja likizunguka bure na jingine likiwa pagumu, mfumo uachwe kwanza na mafuta yakanyagwe kwa utaratibu. Magurudumu yote yanayovuta yakiwa kwenye tope na injini ikikatwa nguvu, mfumo uzimwe.

Likikwama

Mfumo ukishazimwa, haifai kukanyaga mafuta kwa hasira. Gia ya pili, au gia ya chini kwa gari la otomatiki, na mguu mwepesi usiobadilika ndivyo vinavyopandisha gari. Sindano ya mwendo nayo hudanganya. Gurudumu moja likiwa limesimama na jingine likizunguka, sindano ikisoma kilomita 40 kwa saa, gurudumu linalozunguka lina kasi ya 80. Dakika chache za mwendo huo zinaweza kuharibu difu au kupasua tairi iliyochoka.

Gari lililotulia kwenye shimo lake linaweza kuyumbishwa mbele na nyuma kwa kubadilisha gia ya kwanza na ya kurudi nyuma, likisimama kabisa kati ya kila badiliko. Likikataa baada ya majaribio machache, jembe lina kazi zaidi kuliko injini: tope lichimbwe mbele ya tairi, na mawe, matawi au magunia yawekwe chini yake. Watu wanaosukuma wasisimame nyuma ya gurudumu linalozunguka wala upande wa chini wa gari kwenye mteremko, kwa kuwa jiwe hurushwa nyuma kwa nguvu na gari linaweza kurudi bila onyo.

Hakuna swichi inayofidia tairi lililoisha kashata. Tairi laini kwenye udongo wa Kasulu halitashika, mfumo uwe umewashwa au umezimwa.

Hatari iliyohamia kwenye lami

Kwa miaka mingi njia kuu kutoka Nyakanazi kupitia Kibondo na Kasulu hadi Kigoma ilikuwa kwa sehemu kubwa ya udongo, na safari nzima ilikuwa ya matope au vumbi. Hali imebadilika. Mradi wa kilomita 260 kutoka Kabingo kupitia Kasulu hadi Manyovu, mpakani na Burundi, uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, pamoja na vipande vya Nyakanazi hadi Kabingo na Kidahwe hadi Kasulu, umeleta lami kwenye sehemu kubwa ya njia hiyo. Barabara nyingi za vijijini zinazoungana nayo zimebaki za udongo.

Hivyo tope na lami sasa vinakutana kwenye njia panda. Dereva anayetoka kijijini akiwa amezima mfumo hupanda lami tairi zikiwa zimejaa tope. Njia panda yenyewe mara nyingi imepakwa udongo ulioletwa na malori na pikipiki. Furaha ya kumaliza utelezi humfanya aongeze mwendo, na kona ya kwanza ya mteremko humkuta bila msaada ambao gari lake lingempa.

Kwa sababu hiyo utaratibu wa kuzima haujakamilika mpaka mfumo umewashwa tena. Mahali pa kufanya hivyo ni pale pale udongo unapoishia, kabla ya kuingia kwenye lami: kusimama, kutoa tope na mawe kwenye tairi, kubonyeza swichi, kuhakikisha taa ya OFF imezimika. Asiye na uhakika azime injini na kuiwasha upya, kwani katika magari mengi mfumo hurudi wenyewe. Kisha mita mia chache za mwanzo ziendeshwe polepole, mpaka tairi zimalize kutupa tope lililobaki.

Kazi hiyo haizidi dakika tano, nayo humfikisha msafiri nyumbani kwa mwendo aliotoka nao.