Jukwaa la wenyewe: Kamirithu na swali linaloikabili Thika na Ruiru

WAPENZI wa sanaa za jukwaani katika miji ya Thika na Ruiru, Kaunti ya Kiambu, wamezoea kuona michezo mahali palipojengewa shughuli nyingine. Ukumbi wa shule hugeuzwa jumba la maonyesho kwa saa mbili, kisha madawati hurudishwa. Kanisa huondoa mimbari ili vijana waigize Pasaka na Krismasi. Klabu ya usiku hutenga pembe moja kwa mpiga gitaa.

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya wakazi 490,000 mjini Ruiru na zaidi ya 250,000 mjini Thika. Idadi hiyo ni kubwa, na imeongezeka kwa kasi tangu Barabara Kuu ya Thika ikamilishwe mwaka wa 2012 na kuwawezesha wafanyakazi wa Nairobi kulala Ruiru na kurauka kazini. Hata hivyo, barabara hiyo hiyo imefanya iwe rahisi zaidi kuzifuata sanaa mjini Nairobi kuliko kuzijengea makao nyumbani.

Si kwamba maonyesho hayapo. Aina tatu zinajulikana na kila mkazi. Ya kwanza ni michezo ya vitabu teule, ambapo makundi ya waigizaji huzunguka shule za upili yakiigiza tamthilia zinazotahiniwa katika mtihani wa KCSE. Kwa wanafunzi wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza, na pengine ya mwisho, kumwona mwigizaji akiwa hai mbele yao. Kigogo ya Pauline Kea na, baada yake, Bembea ya Maisha ya Timothy Arege zimepata watazamaji wengi kwa njia hii kuliko tamthilia yoyote iliyowahi kutegemea tikiti za mlangoni.

Ya pili ni tamasha za drama za shule na vyuo, ambazo mizizi yake inafika mwaka wa 1959. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichoko Kahawa njiani kuelekea Ruiru, kimekuwa na kundi lake la maonyesho ya kuzunguka, nacho Chuo Kikuu cha Mount Kenya chenye makao makuu Thika ni miongoni mwa vyuo vinavyoleta vijana wapya mjini kila mwaka.

Ya tatu ni mugithi. Neno hilo la Kikikuyu lina maana ya garimoshi, na mwenye kuingia klabuni usiku wa wikendi huona sababu: mwimbaji mmoja na gitaa lake huanza wimbo, nao wateja husimama mmoja nyuma ya mwingine, wakashikana mabega na kuizunguka meza kama mabehewa. Wasomi wengi wa fasihi huudharau mtindo huu kwa sababu ya mafumbo yake mazito. Dharau hiyo haina msingi. Mugithi ni mojawapo ya sanaa chache mjini ambapo mtazamaji haketi tu, bali huwa sehemu ya onyesho.

Hoja hiyo ya mtazamaji kuwa sehemu ya onyesho ndiyo inayoirudisha historia kwenye kijiji kimoja cha kaunti hii hii. Kijiji cha Kamirithu kiko Limuru, upande wa magharibi wa Kiambu, ilhali Thika na Ruiru ziko mashariki. Kilianza miaka ya 1950, wakati serikali ya kikoloni ilipowahamisha watu kwa nguvu na kuwakusanya vijijini chini ya sheria za hali ya hatari. Baada ya uhuru wengi wa wakazi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya majani chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata na watu wasio na kazi ya kudumu. Yeyote aijuaye Thika, yenye mananasi, kahawa na viwanda vya nguo, atautambua mseto huo.

Mnamo 1976 kituo cha vijana kilichokuwa kimezorota kijijini hapo kilifufuliwa na kuitwa Kituo cha Jamii cha Elimu na Utamaduni cha Kamirithu. Shughuli ya kwanza haikuwa maigizo bali ngumbaru, yaani masomo ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika. Aliyeyaratibu alikuwa Ngugi wa Mirii, mtafiti wa Taasisi ya Masomo ya Maendeleo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Waliohitimu walitaka jambo la kufanya na ujuzi wao mpya, na kamati ikawaomba Ngugi wa Mirii na Ngugi wa Thiong'o, mwandishi mzaliwa wa sehemu hiyo, waandike mchezo.

Mchezo huo ni Ngaahika Ndeenda, ambao kwa Kiswahili hufahamika kama Nitaolewa Nikipenda. Kisa chake ni chepesi kueleza. Kiguunda, kibarua wa shambani, ana ekari moja na nusu na hatimiliki aliyoitundika ukutani. Mwajiri wake, tajiri na mcha Mungu, humshawishi afunge ndoa upya kanisani. Kiguunda anachukua mkopo wa benki kwa dhamana ya hatimiliki ile ili agharimie harusi. Anashindwa kulipa, shamba linauzwa, na mnunuzi ni yule yule mwajiri, ambaye pamoja na washirika wa kigeni alikuwa akipanga kujenga kiwanda cha dawa za kuua wadudu. Binti yake Kiguunda naye anapachikwa mimba na mwana wa tajiri, kisha anaachwa.

Rasimu iliposomwa hadharani katikati ya mwaka wa 1977, wanakijiji waliisahihisha. Wazee walikosoa lugha waliyoweka waandishi vinywani mwa wahusika wazee. Wafanyakazi wa viwandani walijua mishahara na taabu zao kuliko msomi yeyote. Sehemu ya gitiiro, majibizano ya nyimbo za harusi, ilitoka neno kwa neno kwa mwanamke wa kijijini asiyejua kusoma. Mazoezi yalifanyika zaidi Jumamosi na Jumapili alasiri ili yasiingiliane na kazi, tena mahali pa wazi, hivyo kila aliyepita aliweza kusimama, kutazama na kumwambia mwigizaji kwamba mtu halii hivyo matangani. Mwelekezi, Kimani Gecau wa idara ya fasihi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, alifanya kazi yake mbele ya macho ya umma tangu siku ya kwanza. Kufikia siku ya uzinduzi, mamia ya wanakijiji walikuwa wanaijua mistari ya mchezo kwa moyo.

Jukwaa lenyewe lilijengwa na vijana wa hapo. Walianza kwa kupanga njiti za kibiriti ardhini, wakaunda mfano mdogo, kisha wakajenga. Lilikuwa jukwaa la nusu duara lililoinuliwa, na nyuma yake ukuta wa mianzi ulioficha kijumba cha vyumba vitatu cha kuwekea vifaa na kubadilishia mavazi. Mbele yalikuwako mabenchi marefu ya mbao yaliyopangwa kama ngazi, yenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Paa halikuwepo. Hapakuwepo pia mpaka wa kweli kati ya jukwaa na mabenchi, na waigizaji walishuka na kupanda wapendavyo.

Onyesho la kwanza lilifanyika Jumapili, Oktoba 2, 1977. Watu walikodi mabasi na teksi kutoka mbali kuja kuona. Mnamo Novemba 16, 1977, baada ya wiki sita hivi, leseni iliondolewa kupitia afisi ya mkuu wa wilaya ya Kiambu. Usiku wa kuamkia Desemba 31, Ngugi wa Thiong'o alikamatwa nyumbani kwake Limuru, akazuiliwa bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 12, 1978.

Alizuiliwa katika Gereza la Kamiti, ambalo haliko mbali na Ruiru. Humo ndimo alimoandika, juu ya karatasi za chooni, riwaya yake ya kwanza ya Kikikuyu, Caitaani Mutharaba-ini, iliyochapishwa mwaka wa 1980 na kufahamika kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Yafaa ikumbukwe kwamba mwandishi huyu alikuwa amekwisha kutoa riwaya nne kwa Kiingereza bila kuguswa. Riwaya ya nne, Petals of Blood, ilitoka mwaka ule ule wa 1977 na ilikuwa kali zaidi ya mchezo. Mchezo ulitofautiana nayo kwa lugha na kwa watazamaji, na hapo ndipo serikali ilipoona hatari.

Kundi la Kamirithu lilirudi tena mwishoni mwa 1981 na mchezo wa nyimbo, Maitu Njugira, kuhusu vibarua wa enzi ya kipande miaka ya 1930. Safari hii lilikusudia kuutoa katika Jumba la Kitaifa la Sanaa za Maigizo jijini Nairobi, jumba lililofunguliwa na Waingereza mwaka wa 1952. Waigizaji walipofika Februari 1982 walikuta milango imefungwa. Wakahamia ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kuendelea na kile walichokiita mazoezi. Maelfu ya watu walifika kuyatazama mazoezi hayo kabla nayo hayajazimwa.

Machi 11, 1982, serikali ilipiga marufuku kituo cha Kamirithu na shughuli zote za maigizo katika eneo hilo. Siku iliyofuata malori matatu ya polisi wenye silaha yaliingia kijijini na jukwaa likabomolewa. Baadaye chuo cha ufundi kilijengwa mahali pale.

Waliolijenga wakatawanyika. Ngugi wa Thiong'o alibaki uhamishoni. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe, na huko Ngugi wa Mirii akatumia miaka iliyosalia ya maisha yake kueneza maigizo ya kijamii vijijini na katika mitaa ya mijini, hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 2008. Kwa maneno mengine, maarifa yaliyozaliwa Kiambu yalienda kutumiwa na Wazimbabwe. Katika Tanzania nako, Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliendesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 maigizo ya aina hiyo pamoja na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, bila ya mtu kutiwa ndani.

Kisheria, hali nchini Kenya imebadilika sana. Katiba ya 2010 inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa katika Kifungu cha 33, na Jedwali la Nne linazikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma, maktaba na majengo ya utamaduni. Mkazi wa Thika au Ruiru anayeuliza ni nani mwenye wajibu wa ukumbi wa jamii ana jibu lililoandikwa: si wizara ya Nairobi, ni kaunti ya Kiambu.

Gharama haiwezi kuwa kisingizio cha pekee. Kituo cha GoDown, kilichofunguliwa mwaka wa 2003 katika eneo la viwanda jijini Nairobi, kilianzia katika ghala kuukuu la biashara, na Thika, mji wa viwanda tangu enzi ya ukoloni, haina uhaba wa maghala. Kamirithu ilijengwa kwa mianzi na mbao. Kilicho kigumu zaidi ni swali la usimamizi: nani atachagua michezo, itaigizwa kwa lugha gani katika miji ambamo Kikikuyu, Kikamba, Kiluo na Kiluhya husikika katika ploti moja, na itakuwaje mchezo ukimuudhi gavana anayelipa bili ya umeme. Huenda Kiswahili ndicho kingekuwa lugha ya jukwaa la Ruiru, jinsi Kikikuyu kilivyokuwa cha Kamirithu. Tamthilia za kuanzia zipo tele. Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui, iliyochapishwa mwaka wa 1981 na inayohusu mgomo wa wafanyakazi wa shamba kubwa, ingeeleweka bila tanbihi na mchuma kahawa yeyote wa Ruiru. Mazrui naye aliwekwa kizuizini mwaka wa 1982.

Woga wa wenye mamlaka haujaisha pia. Mwaka wa 2013 mchezo wa Shule ya Wasichana ya Butere, Shackles of Doom, ulipigwa marufuku hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Aprili 2025 shule hiyo hiyo ilifika katika tamasha za kitaifa mjini Nakuru na mchezo Echoes of War, tena kwa amri ya mahakama, na polisi wakarusha vitoa machozi nje ya ukumbi. Wanafunzi waliimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza.

Ngaahika Ndeenda yenyewe ilirejea mwezi wa Mei 2022, miaka mitatu kabla ya Ngugi wa Thiong'o kufariki nchini Marekani, Mei 28, 2025. Ilielekezwa na Stuart Nash wa Nairobi Performing Arts Studio, na ikaigizwa kwa Kiingereza na kwa Kikikuyu katika Jumba la Kitaifa, nyuma ya milango ile ile iliyofungiwa wanakijiji mwaka wa 1982. Maafisa hawakuizuia. Mkazi wa Thika au Ruiru aliyetaka kuuona mchezo huo wa Kiambu alinunua tikiti, akapanda matatu, akaenda Nairobi.