Mama Mmoja, Miche Mbalimbali: Habari ya Ua la Usambara

Somo letu la leo ni la historia, lakini hatutazungumza habari za wafalme wala za vita. Tutazungumza habari za ua dogo la milima ya Usambara, ambalo limesafiri mpaka madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani.

Ua hili huota kivulini, juu ya miamba yenye unyevu. Rangi yake ni ya urujuani, na majani yake yana vinyweleo laini kama mahameli. Wenyeji walikuwa wakiliona siku zote. Mwaka 1884 Sir John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, alipeleka sampuli katika bustani ya Kew. Na mwaka 1887 Kasisi W. E. Taylor alipeleka nyingine. Lakini sampuli hizo hazikutosha kuwawezesha wataalamu kulieleza vema. Kisha mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga katika utawala wa Wajerumani, alipeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliliita Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika jamii ya Streptocarpus, lakini wapenda maua wengi bado hutumia jina la kwanza.

Sasa tuje kwenye kiini cha somo. Mwaka 1926 wakulima wa maua wa Los Angeles, Armacost na Royston, waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza. Wakazisia, wakapata miche kiasi cha elfu moja. Je, yote ilifanana? Hata kidogo. Basi wakachagua kumi tu iliyo bora, na mmoja wao ukaitwa "Blue Boy". Mingine ikaachwa.

Huenda ukauliza, kwa nini watoto wa ukoo mmoja watofautiane hivyo? Jibu unalo nyumbani kwako. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawana sura moja, kwa kuwa kila mtoto hupewa nusu ya urithi wa baba na nusu ya urithi wa mama, na nusu hizo si zile zile kila mara. Mimea nayo ni hivyo hivyo. Tena, wazazi wakiwa wenyewe ni machotara, tofauti huzidi: tabia iliyojificha kwa babu huweza kutokea kwa mjukuu. Ndiyo maana ukipanda kokwa la parachichi tamu, usishangae mti ukizaa matunda ya namna nyingine.

Lakini ukipanda kijiti cha muhogo, utavuna muhogo ule ule. Ua letu pia lina njia hiyo. Jani moja likichomekwa udongoni huota mizizi, kisha hutoa miche iliyo sawa na mama yake. Hivyo Blue Boy aliweza kuzidishwa mara nyingi bila kupoteza sura yake. Mbegu huleta jambo jipya, jani hulihifadhi.

Basi fikirini pamoja nami. Jani haliwezi kutoa kisichokuwamo ndani yake, ila kwa nadra sana. Mkulima wa maua akitaka umbo jipya au nguvu mpya, hana budi kutafuta urithi mwingine, na urithi huo uko msituni. Kule Shume, wilayani Lushoto, kuna aina ndogo iitwayo shumensis, ambayo imetumiwa kupata maua mafupi ya vyunguni. Aina nyingine za porini hukaa katika eneo dogo sana. Miti ikikatwa, kivuli huondoka, mwamba hukauka, na urithi ule hupotea. Hata maua milioni huko ng'ambo hayawezi kuurudisha.

Kwa hiyo hifadhi kama ile ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, si ya kutunza miti na maji tu. Ni ghala ya mbegu ya ulimwengu, na mlango wake uko kwetu.

Baada ya somo, jadilianeni katika kikundi chenu: Katika mashamba yenu, ni mimea gani mnayopanda kwa mbegu, na ipi kwa vijiti? Mbegu gani ya wazee imekwisha kupotea, na nani bado anayo kidogo?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.