Dirisha Dogo: Maana, Mipaka na Matumizi ya Istilahi

Desemba inapoingia, mazungumzo ya vijiweni Umwe na Ikwiriri hubadilika. Kabla ya hapo watu hubishana kuhusu makipa, nani zaidi kati ya Djigui Diarra wa Yanga na Aishi Manula wa enzi zake Simba. Sasa hoja inakuwa nani anakuja, nani anatemwa, na timu inayoburuza mkia itajinusuru vipi. Neno linalotawala ni dirisha dogo. Utalisikia kwenye mabanda ya kuoneshea mpira, kwa madereva wa bodaboda kando ya barabara ya Kilwa, na hata gatini Nyamisati kwa abiria wanaosubiri boti ya Mafia. Linatamkwa na wote, lakini wengi hulipa maana isiyo yake, na ubishi mwingi huanzia hapo.

Dirisha dogo ni kipindi kifupi cha katikati ya msimu ambapo klabu huruhusiwa kuingiza wachezaji wapya kwenye orodha yake ya mashindano. Dirisha kubwa ni lile linalofunguliwa msimu mmoja ukiisha na mwingine ukiandaliwa. Katika Ligi Kuu Tanzania Bara, dirisha dogo liliwahi kuwa la 15 Novemba hadi 15 Desemba. Miaka ya karibuni limekuwa likifunguliwa katikati ya Desemba na kufungwa katikati ya Januari.

Mfumo huu una historia fupi. Mwaka 1995 Mahakama ya Ulaya iliamua kesi ya Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji, na kuzinyima klabu haki ya kudai ada kwa mchezaji aliyemaliza mkataba wake anapohamia klabu ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Majadiliano yaliyofuata kati ya FIFA na Umoja huo yalizaa kanuni mpya za mwaka 2001. Kanuni hizo ziliweka vipindi viwili vya usajili kwa mwaka. Kwa miaka mingi kile cha kwanza hakikuruhusiwa kuzidi wiki 12, na cha katikati ya msimu wiki 4. Lengo lilikuwa kuzuia klabu tajiri zisiwe zinanunua wachezaji wa wapinzani wao wiki hadi wiki, hadi bingwa apatikane kwa fedha za dakika za mwisho.

Waandishi wetu wa michezo walipokutana na dhana hii walichagua neno dirisha, neno lenye asili ya Kiajemi ambalo Waswahili tumelizoea karne nyingi. Walichagua vizuri. Dirisha hufunguliwa na hufungwa, na aliye nje hana njia mpaka lifunguliwe tena. Matumizi hayo yamevuka mipaka ya michezo: leo vyuo vikuu navyo vina dirisha la udahili, na waombaji wa mikopo ya elimu ya juu wanasubiri dirisha la maombi. Kivumishi dogo nacho kinabeba mambo mawili. Muda ni mfupi, na tiba inayoweza kupatikana ndani yake ni ndogo.

Jambo la kushika zaidi ni kwamba dirisha hili ni la usajili. Usajili ni kuandikishwa kwa mchezaji katika shirikisho ili apate kibali cha kuichezea klabu fulani. Uhamisho ni tendo la kuondoka klabu moja kwenda nyingine. Mkataba ni makubaliano ya kazi na malipo. Mambo haya matatu hufuatana, lakini hayafanani. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi 6 au pungufu kwenye mkataba wake kusaini na klabu nyingine hata kama dirisha limefungwa. Atakachokosa ni kibali cha kucheza. Ndiyo maana mtu anaweza kupokewa uwanja wa ndege kwa ngoma na skafu, kisha akakaa jukwaani wiki nzima akitazama wenzake.

Dirisha dogo la msimu wa 2022/23 linatosha kuonesha aina za wanaopita humo. Kennedy Musonda alikuja Yanga akitokea Power Dynamos ya Zambia: huo ni uhamisho wa kimataifa. Mudathir Yahya alijiunga na Yanga hiyohiyo akiwa mchezaji huru, yaani hakuwa na mkataba na klabu yoyote. Jean Baleke alitua Simba kwa mkopo kutoka TP Mazembe. Saidi Ntibazonkiza alitoka Geita Gold kwenda Simba, uhamisho wa ndani ya ligi moja. Tarehe 19 Februari 2023 Yanga iliifunga TP Mazembe 3-1 katika Kombe la Shirikisho Afrika, na Musonda na Mudathir wote walifunga. Yanga ilifika fainali ya kombe hilo. Ntibazonkiza alimaliza ligi na mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga, yakihesabiwa mabao ya klabu zote mbili. Mchezaji wa namna hiyo hawezi kucheza klabu ya tatu msimu huohuo, maana kanuni inaruhusu kusajiliwa klabu 3 lakini kucheza mechi rasmi katika 2 tu.

Kibali nacho hutofautiana kwa shindano. Clatous Chama aliporudi Simba Januari 2022 akitokea RS Berkane ya Morocco, aliruhusiwa kucheza ligi. Kombe la Shirikisho hakuruhusiwa, kwa kuwa alikwisha kulicheza akiwa na Berkane.

Marekani, katika besiboli, mambo ni mengine. Huko hakuna dirisha la namna yetu. Kuna siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, ambayo huangukia mwishoni mwa Julai au siku za mwanzo za Agosti. Klabu hutoa mchezaji na kupokea mwingine, mkataba ukihama naye, na mara nyingi mwenyewe haulizwi. Istilahi inayofaa hapo ni mabadilishano. Agosti 1987 Detroit Tigers walimchukua mrushaji Doyle Alexander kutoka Atlanta Braves. Akashinda michezo 9 bila kupoteza hata mmoja, na Detroit wakaongoza kundi lao. Walichotoa ni kijana aitwaye John Smoltz, ambaye mwaka 2015 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo. Detroit walipata miezi miwili mizuri, Atlanta wakapata nguzo ya miaka mingi.

Hesabu hiyo inatuhusu na sisi. Timu inayosuasua ikifika Desemba hutaka kusajili kikosi kizima, ilhali mshambuliaji mgeni anahitaji muda kuzoeana na viungo, na mzunguko wa pili haumsubiri. Dirisha dogo huziba pengo moja au mawili yanayojulikana. Halirekebishi benchi la ufundi lisilo na mpango, mishahara iliyochelewa, wala timu ya vijana iliyotelekezwa. Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, walishuka daraja mwaka 2024 pamoja na Geita Gold, baada ya misimu yenye madirisha makubwa na madogo kama ya klabu nyingine zote.

Kwa hiyo tuseme kusajili pale jina linapoandikishwa, kuhamisha pale mchezaji anapotoka klabu moja kwenda nyingine, kukopa pale anapotakiwa kurudi, na kubadilishana pale mtu anapotolewa kwa mtu. Na shabiki wa Umwe anayetaka kuipima timu yake Januari aanze na swali hili: pengo letu lilikuwa wapi, na huyu aliyekuja anacheza nafasi hiyo?