Makocha wa Waogeleaji Viziwi: Kazi ya Mikono na Taa

Tarehe 20 Septemba 2000, jijini Sydney, wanaume wanane walijipanga kuogelea fainali ya Olimpiki ya mita 200, mtindo wa chura. Terence Parkin wa Afrika Kusini, kiziwi tangu kuzaliwa, hakungoja mlio wa kuanzia kama wenzake. Alingoja taa. Alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 12.50 na kutwaa medali ya fedha, nyuma ya Mwitalia Domenico Fioravanti.

Aliyemnoa ni Graham Hill wa Durban, kocha yuleyule aliyemwandaa mwogeleaji Chad le Clos kumpiku Michael Phelps mwaka 2012.

Kusema kweli, kocha anayepayuka kando ya bwawa husikiwa zaidi na wazazi jukwaani kuliko na mtoto aliyezamisha kichwa. Mafunzo hufanyika ukutani. Kwa kiziwi, kocha huchuchumaa, hungoja miwani ipandishwe, huonyesha muda kwa vidole, kisha huiga kwa mkono wake kiwiko kilichoshuka mapema mno. Mwogeleaji akisukuma ukuta kabla mkono haujatulia, agizo lote limempita. Filimbi haitamrudisha.

Mashindano ya viziwi yenyewe yana umri wa karne. Agosti 1924, Mfaransa kiziwi Eugène Rubens-Alcais alikusanya mataifa tisa jijini Paris kwa michezo ambayo leo inaitwa Deaflympics, na kuogelea kulikuwemo tangu mwanzo. Wiki chache kabla, katika jiji hilohilo, Mmarekani Gertrude Ederle alikuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki katika mbio za kupokezana. Surua ya utotoni ilikuwa imemharibia masikio. Mwaka 1926, chini ya kocha Thomas Burgess, akawa mwanamke wa kwanza kuvuka kwa kuogelea mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Umaarufu ulipopoa, Ederle aligeuka mwalimu: aliwafundisha kuogelea watoto viziwi wa shule ya Lexington, New York. Sura hiyo ya maisha yake husimuliwa kwa sentensi moja tu, nayo ilistahili zaidi.

Mwogeleaji kiziwi Jeff Float alipita njia zote mbili. Alizoa dhahabu 10 katika michezo ya viziwi ya Bucharest mwaka 1977, na mwaka 1984 akatwaa dhahabu ya Olimpiki jijini Los Angeles katika timu ya kupokezana ya mita 200 mara nne. Kocha wake, Sherm Chavoor wa Sacramento, ndiye pia aliyemlea Mark Spitz.

Kocha wa timu ya taifa ya viziwi ana kibarua kingine. Kanuni za Deaflympics zinataka upungufu wa kusikia wa angalau desibeli 55 katika sikio lenye nafuu, na vifaa vya kusaidia kusikia huvuliwa kabla ya mbio. Wachezaji wengi hutoka vilabu vya watu wanaosikia: huyu amekulia lugha ya alama, yule amezoea kusoma midomo na hajui alama hata kumi. Kambini wote humkodolea macho mtu mmoja: kocha.

Na pale ambapo bwawa halina taa, mwanzishaji wa mbio hutumia mkono. Kazi ya kwanza ya kocha asubuhi ya mashindano ni kumtafuta afisa huyo na kukubaliana naye atasimama wapi.