Punje ya Chumvi na Akili ya Mtoto

Leo nakuomba uchukue ile pakiti ya chumvi iliyo jikoni kwako, usome maandishi yake. Utaona imeandikwa kwamba imetiwa iodini. Je, umewahi kujiuliza ni kwa nini?

Iodini ni madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo mno. Mtu mzima hutosheka na mikrogramu 150 kwa siku. Mama mjamzito au anayenyonyesha, mikrogramu 250. Mahitaji yako ya maisha yote hayajazi kijiko kimoja cha chai. Lakini yakikosekana, tezi iliyo shingoni huvimba, na hiyo ndiyo goita.

Zamani watu walilaumu maji, hewa, hata uchawi. Mwaka 1811, Mfaransa Bernard Courtois aliyagundua madini haya katika majivu ya mwani wa baharini. Mwaka 1820, daktari Jean-François Coindet wa Geneva, Uswisi, aliwapa wagonjwa wa goita iodini. Shingo zikaanza kunywea! Lakini wengine walimeza kupita kiasi wakadhurika, na madaktari wengi wakaogopa. Dawa ilikuwa imepatikana, ila kipimo chake hakikujulikana. Karibu miaka 100 ikapita, na katika vijiji vya milima ya Alps watoto wakaendelea kuzaliwa viziwi, wafupi, na akili zilizodumaa.

Mwaka 1917, David Marine na Oliver Kimball walianza kuwapa wasichana wa shule iodini kidogo katika mji wa Akron, Marekani. Wasichana waliopewa karibu wote waliepuka goita, hali mamia ya wenzao wasiopewa walivimba shingo. Mwaka 1918, daktari Otto Bayard aliwapa watu wa kijiji cha Grächen, Uswisi, chumvi aliyoichanganya mwenyewe na iodini kidogo sana. Ikafaa. Kwa nini chumvi? Kwa sababu tajiri na maskini wote huila, tena kidogo kidogo kila siku. Kufikia 1922 chumvi hiyo ilianza kuuzwa Uswisi, na mwaka 1924 ikafika maduka ya Michigan, Marekani.

Na sisi je? Katika nyanda za juu za Kenya, mvua ya miaka mingi imeosha iodini kutoka udongoni. Sukuma na viazi vyetu ni vyakula vizuri, lakini haviwezi kutoa kisichokuwa shambani. Ndiyo maana mwaka 1978 sheria ya Kenya iliamuru chumvi ya kula itiwe iodini.

Mama, goita inaonekana kwa macho, lakini hasara kubwa haionekani. Ubongo wa mtoto huanza kujengeka katika wiki za mwanzo za mimba, pengine kabla hujakwenda kliniki. Wakati huo mtoto hutegemea tezi yako wewe. Akikosa iodini humo tumboni, hasara hiyo ni vigumu kuirudisha baadaye, hata ukimlipia masomo ya ziada.

Basi tufanye nini nyumbani?

Nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ina iodini. Magadi unayotia kwenye maharagwe hayachukui nafasi yake.

Iweke katika mkebe mkavu wenye kifuniko, mbali na jua, mvuke na moto. Unyevu na joto huipunguza iodini.

Itie chakula kinapokaribia kuiva.

Usizidishe. Chumvi yote ya siku kwa mtu mzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimwongezee chumvi. Iodini yake kwanza huipata katika maziwa yako, nawe huipata katika chakula chako.

Ukiona uvimbe shingoni, nenda kituo cha afya. Usijitibu kwa kula chumvi nyingi. Wagonjwa wa Coindet walitufundisha kwamba hata kilicho kizuri kina kipimo chake.

Leo jioni, kabla ya kupakua, hebu utazame mkebe wako wa chumvi. Je, una kifuniko? Umwambie na jirani. Hadi mazungumzo yajayo, nakutakia afya njema wewe na wanao.