Jiwe la Kijabe, Udongo wa Nakuru

Tarehe 4 Agosti 1909, Theodore Roosevelt, rais wa Marekani aliyekuwa ametoka madarakani mwezi Machi mwaka huo, aliweka jiwe la msingi la jengo la Kiambogo pale Kijabe, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Lilikuwa jengo la shule ya watoto wa wamisionari iliyoanzishwa mwaka 1906, nalo lipo hadi leo. Misheni yenye shule hiyo, Africa Inland, iliyoanza kazi Ukambani mwaka 1895 chini ya Peter Cameron Scott, ilikuwa imehamishia makao yake Kijabe mwaka 1903, reli ikiwa tayari imepita. Ilikuwa na ardhi, na mwenye ardhi hujenga kwa mawe.

Ukishuka kutoka hapo kwenda Naivasha, Gilgil na Nakuru ukitafuta kanisa la kijiji la Waafrika lenye umri kama huo, utasumbuka sana. Waumini walikuwepo. Kilichokosekana ni kiwanja. Baada ya Wamaasai kuhamishwa kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911, mashamba yalishikwa na walowezi, na sheria ya mwaka 1915 ikawapa ukodishaji wa miaka 999. Mwafrika aliishi humo kama skwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Angechonga jiwe la msingi aliweke wapi?

Kwa hiyo alijenga kwa fito, udongo na nyasi, pale bwana shamba aliporuhusu. Naona dharau tunayoyatendea majengo hayo haistahili, maana yalikuwa na ufundi wake. Ukuta wa udongo haubebi paa pana, ndiyo sababu kanisa lilikuwa refu na jembamba, au lilisimamishiwa nguzo katikati. Paa liliteremshwa hadi karibu na vichwa vya watu ili mvua isimomonyoe ukuta, na madirisha yakawa madogo. Jumapili palihubiriwa, na kwingi siku za kazi watoto walisoma humo humo. Kengele mara nyingi ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Skwota akifukuzwa, aliondoka na Biblia yake na kuliacha kanisa ndani ya shamba la mtu, likageuzwa ghala au likaachwa lianguke.

Walowezi nao walisali ndani ya kuta za mawe, madhabahu yakielekea mashariki kwa desturi ya Kianglikana. Dayosisi ya Nakuru iliundwa mwaka 1961, Neville Langford-Smith akiwa askofu wake wa kwanza, na kanisa kuu likawa la Mchungaji Mwema, mjini Nakuru.

Hata Kijabe mawe hayakuzuia mpasuko. Mzozo wa tohara ya wasichana, ambayo misheni iliipinga, ulipolipuka mwaka 1929, wengi waliihama misheni, na tarehe 3 Januari 1930 mmisionari Hulda Stumpf aliuawa nyumbani kwake hapo. Waliohama walianzisha shule na makanisa yao wenyewe, na vuguvugu hilo likafika kwa maskwota wa Bonde la Ufa. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali iliyafunga makanisa hayo ya kujitegemea.

Jiwe lilimfikia mwanakijiji wa Nakuru baada ya uhuru. Mashamba makubwa yalipogawanywa, kwa mpango wa serikali au kupitia kampuni za kununua ardhi, vilitengwa viwanja vya shule na vya ibada. Mawe ya huku, yaliyotokana na majivu ya volkano, ni laini kuchonga, na fundi huyatengeneza kwa nyundo na tindo. Fedha zilipatikana kwa harambee, kidogo kidogo, na ukuta wenyewe unasimulia: hadi usawa wa madirisha mawe ni ya rangi moja, juu ya linta yamebadilika, na kenchi zimepanda wakati sakafu bado ni udongo. Katika makanisa ya Africa Inland (AIC) mimbari ndiyo hukaa mbele, katikati, na kuta huachwa bila picha.

Sasa ushirika ukimaliza jengo jipya, mara nyingi la zamani la mabati hubomolewa wiki hiyo hiyo. Nawasihi wazee wa kanisa walipige picha kwanza, walipime, na waandike ni akina nani walilijenga na walitoka mashamba gani. Wazee wanaokumbuka yale ya udongo wamebaki wachache, na hao ndio wa kuanza nao.