Nyumba ya Nguvu na Mlango Wake Mfupi

Katika mitaa yetu hapakosi ua ambamo vijana wamemimina saruji ndani ya makopo mawili ya rangi, wakayaunganisha kwa bomba la chuma, wakapata kitu cha kunyanyua. Siku hizi hapakosi pia ukumbi wenye vioo ukutani na mashine zinazong'aa, ambao mlangoni pake hulipwa ada ya mwezi. Barazani, baina ya Alasiri na Magharibi, watu wa ua na watu wa ukumbi hubishana: nguvu hujengwa wapi? Wa kwanza husema kwamba ada ni fedha iliyotupwa baharini. Wa pili hujibu kwamba saruji haina kipimo wala mwalimu.

Mwili wenyewe haumo katika mabishano hayo. Msuli hukua unapopewa uzito unaoulemea kidogo, ukapumzishwa, ukalishwa, kisha ukapewa uzito unaozidi ule wa kwanza. Msuli haujui kama uzito huo umetoka kiwandani au umemiminwa uani. Kwa hiyo, kwa upande wa elimu ya mwili, wote wawili wana haki. Linalobaki ni suala la tarehe. Imekuwaje hata mtu anayetaka nguvu aone mbele yake njia mbili tu: ama anunue vyuma ajifungie navyo chumbani, ama alipe mlangoni anyanyue vya wenyewe? Nani alizichora njia hizi, na je, hapakuwa na ya tatu?

Wagiriki wa kale walimsimulia Milo wa Krotone, mji wao uliokuwa kusini ya Italia, ambaye katika karne ya 6 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa alishinda mieleka ya Olimpia mara sita. Ngano yasema kwamba alimbeba ndama kila siku, na kadiri ndama alivyokua, ndivyo na nguvu za mbebaji zilivyokua, hata akawa anabeba fahali mzima. Hiyo ni ngano, lakini kanuni iliyomo ndani yake ndiyo ile ile wanayoifuata wanyanyuaji hadi leo. Sisi tungesema haba na haba hujaza kibaba.

Ndama wa Milo alikuwa wa nyumbani, lakini Wagiriki walikuwa pia na uwanja wa mazoezi uliokuwa mali ya mji. Mafuta ya kujipaka na matengenezo ya jengo yaligharimiwa na hazina ya mji au na matajiri waliobebeshwa jukumu hilo kwa heshima. Humo vijana walipigana mieleka na kunyanyua mawe, na pembeni wazee walizungumza. Akademia ya Plato na Likeio ya Aristotle, majina ambayo leo yanatukumbusha falsafa, yalikuwa kwanza majina ya viwanja vya mazoezi nje ya kuta za Athens. Tusiupambe mno wakati huo, maana watumwa na wanawake wa Athens hawakuwa na nafasi humo. Hata hivyo, nguvu ilikuwa jambo la mji, na haikuuzwa mlangoni.

Biashara tunayoijua leo ilizaliwa Ulaya katika karne ya 19, na mtu aliyeisimamisha kwa miguu yake miwili alikuwa Eugen Sandow. Alizaliwa mwaka 1867 mjini Königsberg kwa jina la Friedrich Wilhelm Müller. Mwaka 1889 alipanda jukwaani London akamshinda mnyanyuaji mmoja aliyejitangaza kuwa hana mpinzani, na kuanzia hapo jina lake halikushuka midomoni mwa watu. Mwaka 1897 alifanya mambo mawili kwa pamoja, na ndani ya mambo hayo mawili mna mgogoro wetu mzima wa barazani. Alifungua London taasisi ya mazoezi ya mwili kwa ajili ya wenye uwezo, na alichapisha kitabu cha kumfundisha mtu kuitafuta nguvu chumbani mwake, kwa vyuma vidogo vya mkononi. Mwaka uliofuata alianzisha gazeti. Baadaye akauza vyuma vyenye springi na masomo ya kutumwa kwa posta. Tarehe 14 Septemba 1901 aliandaa mashindano ya miili katika ukumbi wa Royal Albert Hall, na mmoja wa waamuzi alikuwa mwandishi Arthur Conan Doyle, muumbaji wa Sherlock Holmes.

Hapa ndipo panapostahili mazingatio. Mazoezi ya nyumbani na mazoezi ya ukumbini hayakuwa mahasimu. Yalikuwa mapacha, baba yao mmoja, duka lao moja. Aliyeweza kufika London alilipa mlangoni. Asiyeweza, alilipa kwa posta. Nyumba haikuwa kimbilio la kuikwepa biashara, bali ilikuwa tawi lake.

Waliomfuata walizipanua njia zote mbili. Mwaka 1902, mjini Philadelphia, Alan Calvert alianzisha kampuni ya kuuza vyuma vizito vinavyoweza kuongezwa na kupunguzwa uzito, akaiita kwa jina la Milo. Ndama wa ngano sasa aliweza kuagizwa kwa barua. Mwaka 1904 Mdenishi J. P. Müller alitoa kitabu chake cha dakika 15 za mazoezi kwa siku, bila ya chombo chochote, nacho kikatafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya. Miongoni mwa waliokifuata kwa dhati alikuwa Franz Kafka, mwandishi wa Prague, aliyefanya mazoezi hayo mbele ya dirisha lililo wazi. Mtu aliyeandika juu ya binadamu aliyejifungia chumbani akageuka mdudu, naye alikuwa akijifungia chumbani akipigania kuwa na mwili.

Kisha akaja Charles Atlas. Jina lake la kuzaliwa ni Angelo Siciliano, mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia aliyekulia Brooklyn. Kuanzia mwaka 1929, akishirikiana na mtaalamu wa matangazo, aliuza kwa posta masomo ya kushindanisha kiungo na kiungo, bila ya chuma. Tangazo lake mashuhuri zaidi lilikuwa katuni: kijana mwembamba yuko ufukweni na mchumba wake, jitu la misuli linamrushia mchanga usoni, na kijana anarudi nyumbani na fedheha yake. Anajifunza kwa siri, anarejea, anapiga ngumi. Mauzo yalikuwa makubwa kwa sababu Atlas alikigundua kilicho ndani ya chumba kilichofungwa. Aliiuza nguvu kama dawa ya aibu, na aibu haipendi mashahidi.

Ukumbi nao ulikuwa na safari yake. Mwaka 1936 Jack LaLanne alifungua wake mjini Oakland, California, wakati ambapo, kama alivyosimulia mwenyewe, madaktari waliwaonya watu kwamba kunyanyua vyuma kutawakakamaza viungo na kuwageuza wanawake kuwa na sura ya kiume. Katika miaka ya 1950 Vic Tanny alitandaza msururu wa kumbi zenye mazulia na vyuma vilivyopakwa kromu, akiuza mikataba ya muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 msururu huo ulianguka. Mwaka 1965 Joe Gold alifungua ukumbi wake Venice, karibu na ufukwe wa Los Angeles, na filamu ya mwaka 1977 juu ya watunisha misuli wa huko ikaupeleka mfano wake duniani kote.

Siri ya hesabu ya kumbi hizi ilielezwa wazi mwaka 2006, wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walipochapisha uchunguzi wao wa kumbi tatu za Marekani. Wanachama waliochagua mkataba wa mwezi, wenye ada ya zaidi ya dola 70, walihudhuria kwa wastani mara 4.3 tu kwa mwezi. Kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali wangaliweza kununua tiketi ya ziara 10 kwa dola 10 kila ziara. Mtu hununua ile picha ya nafsi yake anayotumai kuwa, na mwenye ukumbi huishi kwa ada za wasiofika. Wa nyumbani asicheke: vyuma vilivyopata kutu chini ya kitanda ni mkataba ule ule, ila umelipwa mara moja.

Hata hivyo nyumba ina fadhila moja ambayo tarehe haina budi kuikiri. LaLanne huyo huyo aliingia katika televisheni mwaka 1951, na kipindi chake hakikukoma mpaka 1985. Alizungumza asubuhi na wanawake waliokuwa majumbani mwao, na chombo chake kikuu kilikuwa kiti cha kawaida. Wengi ambao hawangekanyaga ukumbi wa wanaume walinyanyua viungo vyao sebuleni. Kwetu jambo hili si geni kama linavyoonekana. Mama aliyeshika mchi na kutwanga kinu hadi nafaka ikatoka pumba, na hamali aliyepanda gunia begani bandarini, walijenga migongo ambayo kijana wa ukumbini angeionea kijicho. Hakuna aliyewaita wanamazoezi, kwa kuwa nguvu yao ililiwa siku ile ile ilipotoka.

Sasa tuitazame njia ya tatu, nayo ipo ng'ambo ya bahari yetu hii hii. Waajemi wana jengo waliitalo zurkhaneh. Neno lenyewe halitutishi: zur ni nguvu, na khaneh ni nyumba, ndiyo ile iliyojificha ndani ya neno letu karakana, nyumba ya kazi. Zurkhaneh, basi, ni nyumba ya nguvu. Mlango wake kwa desturi ni mfupi, hata aingiaye hulazimika kuinama, awe tajiri au mchukuzi. Mtaka cha mvunguni, walisema wahenga wetu, sharti ainame.

Ndani mna shimo pana lenye pembe nane aghalabu, na humo wanaume huzungusha virungu vizito vya mbao, hulala chali wakanyanyua ngao za mbao, hutikisa juu ya vichwa upinde wa chuma wenye minyororo, na huzunguka mahali pamoja kama pia. Juu ya kibao hukaa kiongozi aitwaye morshed, yaani murshidi, mwenye ngoma na kengele. Yeye ndiye mwenye kupanga mwendo, na huupanga kwa mashairi: visa vya mashujaa kutoka Shahnameh ya Ferdowsi, iliyokamilika takriban mwaka 1010, na beti za Hafidh na Saadi. Msikilizaji wa dufu atafahamu mara moja. Mkono haunyanyuki kwa amri ya saa ya ukutani, hunyanyuka kwa mizani ya ubeti.

Shujaa wanaomtaja sana ni Pahlavan Mahmud wa Khiva, aliyefariki mwaka 1322, naye alikuwa mpiga mieleka na mshairi. Inahadithiwa kwamba usiku mmoja kabla ya pambano alimsikia mama mzee akimlilia Mungu mwanawe ashinde, na mpinzani huyo alikuwa ni yeye. Kesho yake Mahmud aliuweka mgongo wake chini kwa hiari. Katika karne ya 20 watu waliuona mfano huo kwa Gholamreza Takhti, aliyepata nishani ya dhahabu ya mieleka katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Tetemeko la ardhi lilipoiangusha miji ya Buin Zahra mwaka 1962, alipita mitaani Tehran kwa miguu akikusanya michango kwa waathirika, na watu wakampa. Ndani ya zurkhaneh zenyewe imo desturi ya kukusanya fedha kwa ajili ya mwenye shida wa mtaa, waiitayo kumwaga maua. Mwaka 2010 UNESCO iliiingiza sanaa hii katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Si pepo hata hiyo. Kwa karne nyingi mwanamke hakushuka katika shimo lile. Na mwaka 1953 baadhi ya watu wa zurkhaneh walikuwamo katika makundi ya mitaani yaliyosaidia kuiangusha serikali ya Mohammad Mosaddegh. Nguvu iliyofundishwa kuinama mlangoni inaweza kukodiwa barabarani. Lakini walioisaliti nyumba ile walijua wanasaliti nini, maana iliwahi kuwaambia nguvu ni ya nani. Mkataba wa Tanny na katuni ya Atlas havikuwahi kumwambia mtu jambo hilo.

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozifunga kumbi duniani, kampuni ya Gold's Gym iliomba mahakamani kinga ya mufilisi mwezi Mei, na katika nchi nyingi vyuma vya nyumbani vikawa adimu madukani. Pacha mmoja alianguka, mwingine akanenepa, na duka likabaki lile lile. Wengi waliofungiwa walikuwa na mikono, sakafu na kiti, vitu vinavyotosha kuukuza msuli. Walichokikosa ni mtu wa kuwahesabia.

Kwa hiyo nikiulizwa barazani, siwezi kuupa ushindi ua wala ukumbi. Nitauliza kwanza kama ukumbini mna anayelijua jina la jirani yake wa mashine ya pili, na kama akikosekana wiki mbili yupo wa kwenda kumbishia hodi. Nitauliza kama uani binti wa nyumba ile ana zamu yake. Kisha nitawatazama vijana wa makopo ya rangi. Mmoja amelala juu ya ubao, saruji iko kifuani pake, mikono yamtetemeka. Mwenzake amesimama kichwani pake, viganja chini ya bomba bila ya kuligusa, anamhesabia kwa sauti: saba, nane, bado moja. Hawajalipa kitu, wala hawako peke yao. Wamekosa ngoma na ubeti tu, na hivyo visiwa hivi havijawahi kupungukiwa.